Kupaka vanishi bodi za kujitengenezea ili zisiliwe na chumvi ya Lamu

Kama unatengeneza bodi zako mwenyewe za saketi na unakaa Lamu, au popote pale pwani upepo wa bahari unapoingia ndani ya nyumba, basi ujue kazi haijaisha pale uliposolda kipande cha mwisho na taa ikawaka. Hapo uko nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni kuikinga, na mi naandika haya kwa sababu inaniuma sana kuona kijana amechora saketi yake mwenyewe, ameichonga kwa dawa, imefanya kazi vizuri kaskazi nzima, alafu kusi ikiingia na mvua za Mei bodi imekuwa kijani na hakuna kinachowaka.

Kwanza tuelewane adui ni nani. Watu wanasema maji, lakini maji matupu si tatizo kubwa hivyo, tatizo ni chumvi. Chumvi ikiwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 75 kwenda juu inaanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe, ndo sababu chumvi ya jikoni inalowa kwenye kopo bila mtu kuimwagia maji, na hapa kwetu unyevu unapita hapo karibu kila usiku. Sasa ile chumvi laini inayoletwa na upepo ikishatua kwenye bodi inageuka utando wa maji ya chumvi ambao huuoni kwa macho, na utando huo unapitisha umeme. Ukiwa na volti 12 kati ya njia mbili za shaba zilizokaribiana, shaba ya upande wa chanya inaliwa kidogo kidogo na kusafiri kwenda hasi, huko inaota vijinyuzi vya metali mpaka njia mbili zinagusana na hapo ndo unasikia "ilikuwa inafanya kazi jana". Bodi ya kiwandani ina ile rangi ya kijani juu ya shaba, yako ya nyumbani shaba iko uchi, kwa hivyo inaumia mapema zaidi.

Na jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote humu: vanishi haitengenezi bodi isiyopitisha maji. Vanishi zote, hata zile za bei mbaya, zinapitisha mvuke pole pole. Kazi yake ni kuzuia chumvi isifike kwenye shaba na kuzuia matone yasiunganishe njia. Lakini kama chumvi au dawa au fluksi, ile ya kusaidia solda ishike, iko tayari chini ya vanishi, mvuke unapita, unaifuata ile chumvi, maji yanakusanyika hapo chini na vanishi inainuka malengelenge, na sasa hayo maji hayatoki tena. Umeifungia bodi na adui wake chumba kimoja. Mafundi wa majahazi kule Matondoni hawapaki deheni, yale mafuta ya kukinga mbao, juu ya ubao wenye mwani na magamba, wanasugua, wanachoma kwa makuti, wanakausha, ndo wanapaka, na bodi inataka adabu hiyo hiyo.

KUOSHA NDO KAZI YENYEWE

Anza pale bodi inapotoka kwenye dawa. Wengi wetu tunatumia feriki kloraidi, na jina lenyewe linakwambia kuna kloraidi ndani, yaani ile ile sehemu ya chumvi inayokula shaba. Suuza kwa maji mengi, alafu ichovye kwenye maji uliyokoroga baking soda ili iue asidi iliyobaki, isugue kwa mswaki hasa kwenye matundu na kingo ambapo faiba inanyonya dawa, suuza tena. Dawa yenyewe iliyotumika tafadhali usiimwage kwenye mfereji wa kichochoro, ile mifereji yetu inaishia baharini moja kwa moja na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa viumbe wa majini. Itie magadi kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu, acha mashapo yatulie, maji ya juu yakauke juani kwenye chombo kipana cha plastiki mbali na watoto na kuku, mashapo uyachanganye na saruji yagande.

Maji ya mwisho ya kusuuzia yasiwe ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Maji ya jabia, lile birika la maji ya mvua, pia yana chokaa na vumbi la chumvi lililotua juu, yafaa kusuuzia mwanzo si mwisho. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale wanayoongezea betri za gari, ni bei rahisi tu, ila soma kibandiko vizuri manake kuna wanaoita "maji ya betri" na wanamaanisha asidi, na ukitia bodi kwenye asidi basi.

Kabla ya kusolda, shaba yako isikae wazi siku nyingi. Ukiwa hutasolda siku hiyo, yeyusha rosini, ile fluksi ya kipande cha kahawia kinachopitisha mwanga, kwenye spiriti safi, paka safu nyembamba kwa brashi iache ikauke. Hiyo inazuia shaba isififie na ukija kusolda inafanya kazi ya fluksi moja kwa moja, hakuna haja ya kuitoa. Mwingine anapenda kupaka risasi ya solda juu ya njia zote kwa kutumia ile waya ya kunyonyea solda, nayo ni nzuri sana, shaba inafunikwa kabisa na njia zinabeba mkondo mkubwa zaidi. Na kama unapata ile rangi ya kijani ya kwenye sindano inayokauka kwa mionzi ya jua, itumie, jua la hapa linaikausha vizuri, ila funika sehemu za kusolda usije ukakwangua baadaye. Lakini hiyo inafunika njia tu, miguu ya vipande na solda bado vitabaki wazi, kwa hivyo vanishi ya mwisho haikwepeki.

Ukishasolda, osha fluksi. Hapa ndo watu wengi wanaruka. Wanasema fluksi yangu imeandikwa haihitaji kuoshwa, sawa, kwa bodi inayokaa Nairobi ofisini sina neno, kwa bodi inayokwenda kwenye boti nasema ioshe tu. Na ile fluksi ya asidi ya mafundi wa mabati na mabomba usiikaribishe kabisa kwenye elektroniki, ndani ina zinki kloraidi, hata ukiosha inabaki kwenye mishono. Kuoshea tumia alkoholi ya aisopropili, ile ya asilimia 99 ndo bora, ya 70 inafaa ila ina maji kwa hivyo ukaushaji uwe mrefu. Usitumie spiriti ya hospitali, mara nyingi inawekwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta yakibaki vanishi haishiki. Sanitaiza ya mikono nayo ina gliserini, iache. Mimina alkoholi, sugua kwa mswaki laini, inamisha bodi ili uchafu utiririke uondoke, manake ukiiacha ikauke palepale umehamisha tu fluksi kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Rudia kwa alkoholi safi mpaka ikikauka huoni alama nyeupe wala hunasi kidole. Alafu kuanzia hapo shika bodi kwa kingo, au vaa glavu, jasho la mkono ni chumvi pia.

Jiko la makaa liwe mbali wakati huo, na sigara pia. Alkoholi hiyo inatoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi 12 tu, na sisi hapa hatufiki nyuzi 12 hata usiku wa baridi kuliko wote.

Kukausha: iweke juani juu ya bati masaa kadhaa, au tumia drai ya nywele kwa moto wa kiasi. Usiende zaidi ya nyuzi 60 hivi kama kuna kapasita za plastiki au konekta rahisi. Chini ya chipu na chini ya relei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, ndo maji yanajificha, kwa hivyo usiridhike kwa kuona juu kumekauka.

VANISHI GANI

Ukiuliza duka la elektroniki Mombasa au ukiagiza nje utakutana na akriliki, poliurethani, silikoni na epoksi. Mi kwa bodi za kujitengenezea nasimama na akriliki kwa sababu moja, unaweza kuitoa. Bodi ya nyumbani utairudia tu, utabadilisha rizista, utaongeza waya, na akriliki unaifuta kwa thina au asetoni kwenye pamba mahali pale unapotaka, rekebisha, paka tena. Inakauka haraka na inavumilia joto la kama nyuzi 125. Plastik 70 ni akriliki inayojulikana siku nyingi, na MG Chemicals wana ya kwao ya namba 419D. Silikoni inavumilia joto zaidi, mpaka nyuzi 200 hivi, na ni laini kwa hivyo haipasuki bodi ikitikiswa na injini ya boti, kwa vitu vya kufungwa karibu na injini ningechagua hiyo, ila kuitoa ni kukwangua na kuchuna. Poliurethani ni ngumu na inastahimili petroli na mafuta, lakini ukipitisha solda juu yake moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Epoksi ukishamimina umemaliza, hiyo bodi haitafunguliwa tena.

Sasa najua vile vya kopo havipatikani kila siku huku kisiwani, kwa hivyo tuseme ukweli kuhusu vibadala. Spreyi ya kliya, ile isiyo na rangi, ya wapaka rangi magari, kama ni ya akriliki, inafanya kazi na wengi wanaitumia kwa volti ndogo. Vanishi ya wanaovingirisha mota, ile inayokauka kwa hewa bila oveni, ni nzuri kwa sababu ilitengenezwa kuzuia umeme, waulize mafundi wa mota Malindi au Mombasa wakupimie kidogo, shida ni ile nyekundu inaficha kila kitu chini yake, tafuta isiyo na rangi. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafaa kwa kipande kidogo cha ndani ya nyumba au kufunika mshono mmoja uliourekebisha, lakini ikizeeka inakakamaa inapasuka, na inashika moto kirahisi, kwa hivyo bodi nzima ya nje usiipake hiyo. Vanishi ya mbao inachukua siku nyingi kukauka vizuri na ikibaki nata nata inakusanya vumbi lenye chumvi, mi siipendi.

Silikoni ya madirishani ndo naomba tuikomeshe. Ile inayonuka siki, harufu hiyo ni asidi ya asetiki inatoka wakati inakauka, na ikiwa juu ya shaba inaila. Ukitaka kuziba tundu la waya au kushikilia kapasita kubwa tumia silikoni isiyotoa siki, kwenye tyubu inaandikwa "neutral". Nusa kabla hujapaka, pua yako inatosha kukwambia. Na nta ya mishumaa pia hapana, kiboksi kikipigwa na jua la saa saba inayeyuka inaenda chini.

Kabla ya kupaka funika visivyotakiwa kupakwa. Konekta zote, soketi ya USB, sehemu ya laini ya simu kama una moduli ya GSM, swichi, vile vya kuzungusha vya kurekebisha volti, kishikio cha fyuzi, relei ambayo haijazibwa, spika ndogo na maiki. Senso ya unyevu au ya hewa ukiipaka umeiua, haitasoma kitu. Mgongo wa mosfeti, ile transista ya mkondo mkubwa, unaogusa bati la kupoza joto uache wazi, na antena iliyochorwa kwenye moduli ya Wi-Fi pia iache. Tumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na matundu uyazibe kwa kijiti au kipande cha mrija. Angalia pia ncha za miguu ya vipande upande wa chini, vanishi inakimbia ncha kali na kuiacha na utando mwembamba sana, kwa hivyo kata fupi, pitisha solda tena ili ncha iwe duara.

KUPAKA SIKU INAYOFAA

Hapa hali ya hewa yetu ina neno lake. Kiyeyusho kikiruka kutoka kwenye vanishi kinapoza uso wa bodi, na kama hewa ina unyevu mwingi, unyevu unageuka maji pale pale kwenye vanishi mbichi na vanishi inageuka nyeupe iliyofifia. Ukiona hivyo ujue umefungia maji ndani. Kwa hivyo usipake alfajiri wala baada ya magharibi, wala mvua ikiwa inanyesha. Paka saa tano mpaka saa tisa mchana, siku kavu, na bodi iwe na vuguvugu kutoka juani. Daka, kile kibaraza cha mlangoni, si pahali pake, upepo wa baharini utakuletea chumvi na mchanga juu ya vanishi mbichi. Kiwanda cha ndani ya nyumba, yaani ule ua wa katikati, ni pazuri zaidi, kuna hewa ya kutosha kutoa mvuke na kuta zinakata upepo. Kama huna kiwanda, weka boksi la katoni lililolala ubavu, mdomo ukipa mgongo upepo, upulizie humo, na uvae barakoa ya kemikali kama unayo, ile ya kitambaa haizuii mvuke wowote.

Tikisa kopo vizuri, pulizia kwanza pembeni, alafu pita juu ya bodi kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, mkono usisimame. Safu nyembamba. Subiri kama kopo linavyosema, mara nyingi dakika chache, zungusha bodi robo, pita tena, mpaka umeingia pande nne za kila kipande kwa sababu kipande kirefu kinaweka kivuli na nyuma yake hakuna kilichofika. Geuza, fanya chini, na chini ndo kuna shaba kwa hivyo usiwe bahili. Kwa akriliki unatafuta unene wa jumla wa milimita 0.03 mpaka 0.13, na namna rahisi ya kujua ni kupulizia kipande cha kioo pamoja na bodi, kikikauka upime kioo kwa kalipa kabla na baada. Nene sana si bora, inapasuka na kufungia kiyeyusho ndani. Ukitumia brashi, paka taratibu upande mmoja ili isitoe mapovu, na brashi isiwe ya kutoa nywele, unywele mmoja kati ya njia mbili ni daraja la maji.

Vanishi nyingi za kazi hii zinawekwa kitu kinachong'aa kwenye taa ya zambarau, ile taa ya dukani ya kukagulia noti za bandia inatosha kabisa. Zima taa za chumba, mulika bodi, palipo giza hapajapakwa. Kliya ya magari kwa kawaida haing'ai, hapo itabidi uinamishe bodi juani uangalie mng'aro kwa jicho. Acha ikauke siku nzima kabla hujaiwasha, hata kama kidole kinasema imekauka.

Toa tepu. Soketi na konekta ulizoziacha wazi zipake grisi ya silikoni ndani, kidogo tu. Nyaya za kutoka nje nunua zile ambazo shaba yake imepakwa bati, nyeupe ndani, manake waya wa shaba tupu unanyonya maji ya chumvi chini ya ngozi yake na unaoza mbali na pale ulipoangalia. Kiboksi kifungwe matundu ya waya yakiangalia chini, na waya uninginie chini kidogo kabla ya kuingia ili tone la mvua lidondoke lisifuate waya mpaka ndani. Tobo dogo chini kabisa ya kiboksi ni bora kuliko kiboksi kilichozibwa nusu nusu, mchana hewa inapanuka inatoka, usiku inaingia na unyevu, na isipokuwa na pa kutokea maji yanajaa. Wavu mdogo kwenye tobo, mijusi kafiri wanapenda joto la inveta na kinyesi chao kikitua kwenye bodi kinaila.

Na kwa vitu vya umeme wa volti 240, vanishi isikudanganye mkono. Inakinga bodi na unyevu, haikukingi wewe na shoti. Umbali kati ya njia ubaki ule ule na kifuniko kiwepo.

Baada ya kusi fungua kiboksi, mulika tena, angalia malengelenge na weupe karibu na konekta na kwenye kingo. Palipoinuka kwangua, osha kwa alkoholi, kausha, paka tena hapo tu. Bodi ikitumbukia baharini hata ikiwa imepakwa, toa betri kwanza, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara moja kabla maji ya bahari hayajakauka, alafu maji yaliyotoneshwa, alafu alkoholi. Na ndani ya kifuniko andika kwa maka pen ni vanishi gani umepaka na mwezi gani, ili fundi atakayeifungua baada yako ajue achukue thina au achukue kisu.